Siku tatu Lübeck bila haraka: mwongozo wa mji wa matofali na vichochoro

Wageni wengi huimaliza Lübeck, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, kwa saa nne. Hushuka treni ya kutoka Hamburg, hupiga picha lango la Holstentor, hununua marzipani, kisha hao wamerudi. Wameuona uso wa mji tu. Mji mkongwe wa Lübeck uko juu ya kisiwa chenye urefu wa kilomita 2 hivi na upana wa kilomita 1, na sehemu yake tamu iko nyuma ya nyumba, ndani ya vichochoro ambavyo mtu wa haraka hupita mbele yake bila kujua kama ni njia. Mwongozo huu ni wa usiku mitatu: kila siku jambo kubwa moja, na nafasi ya kutosha ya kupotea.

Kabla ya kufunga mzigo

Chagua siku za wiki kwanza, tarehe baadaye. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, yakiwemo ya vyakula, isipokuwa maduka ya mikate asubuhi na maduka ya stesheni. Jumatatu makumbusho mengi hupumzika. Ukifika Jumanne na kuondoka Ijumaa utakuwa umeikwepa mitego yote miwili, na vyumba kwa kawaida huwa nafuu kuliko wikiendi.

Mei hadi Septemba ndio msimu mzuri. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku. Desemba giza huingia saa kumi jioni. Mji hupendeza kwa masoko ya Krismasi, lakini vyumba hupanda bei na ndani ya kisiwa huisha mapema. Beba koti la mvua lenye kofia, uache mwavuli, maana upepo wa Bahari ya Baltiki huupindua ukabaki vyuma vitupu. Viatu viwe vya soli nene: barabara nyingi za ndani zimetandikwa mawe ya mviringo, na mawe hayohayo ndiyo yanayovunja magurudumu ya masanduku ya bei rahisi.

Ukisafiri kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda utahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Kinachokwamisha watu mara nyingi ni miadi, hasa kuelekea kiangazi. Tafuta miadi kwanza, na vyumba ukate vile vinavyoruhusu kufuta bila gharama. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni kwa mfumo mpya, kwa hiyo usipange treni ya kuondoka dakika arobaini baada ya ndege kutua.

Kufika

1. Uwanja wa ndege wa Hamburg una stesheni yake chini ya ardhi. Panda treni ya mjini ya S1 hadi Hauptbahnhof (kifupi Hbf), stesheni kuu. Ni dakika 25 hivi.

2. Hapo tafuta treni ya mkoa ya RE8 kwenda Lübeck Hbf. Mwendo ni kama dakika 45, na mchana kuna treni karibu kila nusu saa, hivyo ikikuacha usihangaike. Kiti hakikatwi mapema.

3. Nunua tiketi kwenye mashine au kwa programu ya DB Navigator kabla ya kupanda. Mkiwa wawili hadi watano, ulizeni Schleswig-Holstein-Ticket. Ni tiketi moja ya kundi kwa siku nzima, kwa treni za mkoa na mabasi, na huwafikisha hata ufukweni. Ina masharti mawili yanayowaponza wengi. Siku za kazi huanza kufanya kazi saa 9:00, na haitumiki kwenye treni za kasi za ICE wala IC. Anayepanda ya 8:40 akidhani dakika ishirini si kitu huhesabiwa hana tiketi, na faini huanzia euro 60. Majina yaandikwe juu yake kabla ya safari.

Na ukisoma ratiba, kumbuka saa zao si zetu: 9:00 ni saa tatu asubuhi, 14:08 ni saa nane na dakika nane mchana. Lieleweni hilo mapema, maana mtu hukosea akiwa amechoka.

Mwenye kuzunguka Ujerumani wiki kadhaa apige hesabu ya Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mkoa na mabasi nchi nzima, euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026. Huo ni mkataba unaojirudia. Usipoufuta kabla ya tarehe 10 ya mwezi, mwezi unaofuata utakatwa tena.

4. Lala ndani ya kisiwa ukiweza. Karibu na stesheni ni nafuu kidogo, ila utakosa kile ambacho mgeni wa saa nne hakipati kamwe: mji wa saa moja asubuhi na wa saa tatu usiku, mitaa ikiwa mitupu. Ukifika kabla ya muda wa chumba, acha mzigo kwenye makabati ya stesheni uende mikono mitupu.

Alasiri ya kwanza: lango, chumvi na mnara

Kutoka stesheni hadi Holstentor ni dakika 10 kwa miguu. Lango lilijengwa kati ya 1464 na 1478, na ukiliangalia vizuri utaona limelalia upande, hasa mnara wa kusini. Ardhi hapa ilikuwa kinamasi, matofali ni mazito, basi likaanza kuzama tangu zamani. Inama uangalie safu ya chini ya matundu ya mizinga: sasa iko chini ya usawa wa ardhi. Kisha zunguka. Upande wa nje ukuta una unene wa hadi mita 3.5 na matundu machache. Upande wa mjini haufiki mita moja na umejaa madirisha. Adui alitarajiwa kutoka kule, si huku. Kuzunguka huko kunatosha; makumbusho ya ndani yangoje siku ya mvua.

Pembeni, kando ya mto Trave, yamesimama maghala sita ya chumvi, Salzspeicher, yaliyojengwa kati ya 1579 na 1745. Chumvi ilichimbwa Lüneburg, ikapita Lübeck kwenda Skandinavia kuhifadhi samaki aina ya heringi, na Ulaya ya Kikristo yenye siku nyingi za kufunga nyama ikawala. Huo ndio uliokuwa mhimili wa utajiri wa mji huu, malkia wa muungano wa wafanyabiashara ulioitwa Hanse. Mwenyeji wa Kilwa au Lamu hahitaji kuelezwa sana mambo haya: mji wa biashara, bandari, na nyumba zinazoonyesha nani tajiri. Hata ujenzi una mantiki ileile. Kwetu matumbawe na boriti za mikoko. Hapa mawe mazuri ya kuchonga hayakuwepo, udongo upo, wakachoma matofali na kujenga nayo kila kitu, kuanzia kibanda hadi kanisa kuu.

Maliza kwa mnara wa kanisa la St. Petri. Una lifti hadi mita 50, kwa hiyo hata mzee mwenye magoti mabovu atafika. Panda alasiri, jua likiwa magharibi, na tumia dakika kumi kuisoma ramani yenyewe: Breite Straße na Königstraße hupita juu ya mgongo wa kisiwa kaskazini hadi kusini, na mitaa mingine yote huteremka kutoka hapo kwenda majini, kulia na kushoto. Ukishalijua hilo huhitaji simu. Ukipotea, fuata mteremko utafika majini. Ukitaka kurudi katikati, panda.

Siku ya pili, asubuhi: Marienkirche

Nenda mapema kwenye kanisa hili la Bikira Maria, kabla ya makundi. Kuna kiingilio kidogo, hivyo beba sarafu. Dari la katikati liko mita 38.5 juu, na hakuna dari la kuba la matofali lililo refu zaidi duniani. Makanisa kadhaa ya pwani ya Baltiki yalijengwa kwa kuliiga hili.

Anza na mnara wa kusini, ukiwa bado una utulivu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1942, Jumapili ya Matawi, ndege za Uingereza ziliuchoma mji. Kengele za mnara huu ziliporomoka hadi sakafuni, na vipande vimeachwa palepale vilipoangukia: shaba nyeusi iliyopasuka, mdomo wa kengele umezama kwenye mawe ya sakafu. Hakuna kioo wala maelezo marefu, ni uzio tu.

Kisha nenda nyuma ya madhabahu, utafute mchongo wa mawe wa Karamu ya Mwisho. Chini kabisa pembeni kuna panya mdogo anayetafuna mzizi. Amekuwa mweusi kwa mikono ya wanaomgusa wakitafuta bahati. Hekaya yasema mji ungekuwa huru mradi mwaridi ulioota ukutani mwa kanisa unachanua, hadi panya alipojenga kiota mizizini na mwaridi ukanyauka. Nje, juu ya jiwe, amekaa shetani wa shaba. Yeye anasimuliwa kuwa alisaidia ujenzi akidhani wanajenga kilabu cha pombe. Alipogundua ni kanisa alitaka kulibomoa, wakamtuliza kwa kuahidi kilabu hicho jirani. Pishi la mvinyo la baraza la mji liko karibu mpaka leo, kwa hiyo ahadi ilitimizwa.

Mpenzi wa muziki ajue kwamba mwaka 1705 Bach, akiwa kijana wa miaka 20, alitembea kutoka Arnstadt, kama kilomita 400, kuja kumsikiliza Buxtehude akipiga kinanda humu. Alipewa ruhusa ya wiki nne, akakaa miezi karibu minne. Angalia ubao wa mlangoni kama kuna tamasha la kinanda wiki hiyo.

Ukitoka, vuka uwanja hadi Rathaus, jumba la baraza. Ukuta wake mrefu mweusi una matundu makubwa ya duara juu kabisa. Ni ya upepo: nyuma ya sehemu ile hakuna chumba, na bila matundu dhoruba ingeusukuma ukuta ukaanguka.

Mchana: vichochoro

Hapa ndipo usikimbie. Zama za kati watu waliongezeka na kisiwa hakikuongezeka. Wenye nyumba za mbele wakatoboa njia chini ya nyumba zao na kujenga vijumba nyuma uani, wakawapangisha vibarua, mabaharia na wajane. Njia hizo huitwa Gänge, na zimebaki kama 90. Inasimuliwa kwamba sharti la upana lilikuwa moja tu: jeneza lipite.

Anzia uwanja wa Koberg, juu kaskazini. Teremka Engelsgrube, jina halina uhusiano na malaika (*Engel* kwa Kijerumani), ni mtaa ulioteremkia meli za Uingereza. Namba 43 ni Bäckergang. Mlango wake unaonekana kama wa stoo. Inama, kweli inama, mihimili ya mbao haijali urefu wako. Hatua kumi gizani, halafu unatokea penye mwanga: nyumba ndogo za ghorofa moja, mawaridi yamepandishwa ukutani, baiskeli, meza ya chai ya watu wawili. Kelele za mtaa zimekatika. Endelea chini hadi Engelswisch, mzunguko wa Hellgrüner Gang na Dunkelgrüner Gang, ambako vichochoro huingiliana na unaweza kutokea mlango mwingine kabisa. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja ataona yuko nyumbani, ila baraza za kukaa hakuna.

Upande wa mashariki, mtaa wa Glockengießerstraße, kuna kitu tofauti: ua za wakfu. Füchtingshof ilianzishwa 1639 kwa wosia wa mfanyabiashara Johann Füchting, kwa ajili ya wajane wa wafanyabiashara na mabaharia. Geti lake ni la fahari, na ndani ni pana kuliko vichochoro vya vibarua. Tajiri hata wakfu wake hujulikana.

Adabu ya humo ni muhimu kuliko ramani. Watu wanaishi. Geti likiwa wazi ingia. Likifungwa au likiwa na maandishi *Privat*, geuka. Usichungulie wala kupiga picha madirishani, sema kwa sauti ya chini, msiingie zaidi ya watu wanne pamoja, na jioni waachie wenyewe. Ukikutana na mkazi, mwambie *Moin*, salamu ya kaskazini inayofaa asubuhi, mchana na usiku. Mageti mengine yamefungwa siku hizi kwa sababu ya wageni waliokosa adabu, na kila mwenye kelele hufunga jingine.

Ukirudi Koberg ingia Heiligen-Geist-Hospital, nyumba ya wazee na maskini iliyojengwa tangu 1286. Ukumbi mrefu wa nyuma umepangwa vyumba vya mbao vya miaka ya 1820, vidogo kiasi cha kutosha kitanda, kabati na kiti. Wazee waliishi humo hadi 1970. Jirani, kanisa la St. Jakobi, la mabaharia, limehifadhi mashua ya uokoaji ya meli ya matanga Pamir, iliyozama Atlantiki 1957 na watu 86, wakapona 6.

Marzipani, na namna ya kutopunjwa

Marzipani ni lozi zilizosagwa na sukari, laini kama unga uliokandwa, si ngumu kama kashata. Jina la Lübecker Marzipan linalindwa na Umoja wa Ulaya. Kipimo cha kawaida ni sehemu 70 za kinyunga cha lozi kwa sukari isiyozidi 30. Ikiandikwa *Edelmarzipan*, ni 90 kwa 10. Kinyunga chenyewe tayari kina sukari, kwa hiyo kwa asiyependa utamu mkali tofauti hiyo ni kubwa. Ukiona *Persipan*, hiyo imetengenezwa kwa kokwa za aprikoti au pichi, rudisha rafuni.

Duka la Niederegger, lenye historia tangu 1806, linatazamana na Rathaus, na juu yake kuna makumbusho madogo ya bure. Asiyetumia pombe asome lebo: *Rum*, *Likör*, *Kirschwasser* na *Rotspon* zote ni pombe, na masanduku ya mchanganyiko karibu kila mara yana kipande kimoja au viwili vyake. Kwa zawadi ya kupeleka Dar au Mombasa, epuka iliyopakwa chokoleti, itafika imeyeyuka na kugandamana. Chukua *Marzipankartoffeln*, vidonge vilivyovingirishwa kwenye kakao, na ukifungua paketi ifunge vizuri tena, maana adui wake ni hewa: hukauka na kuwa kama chaki.

Kwa chakula cha kweli, samaki hawatakuangusha. Msimu wa baridi wenyeji husifia *Grünkohl*, sukumawiki ya kizungu iliyopikwa muda mrefu, lakini huja na nyama ya nguruwe ndani yake, si pembeni. Kuiomba kando hakusaidii.

Siku ya tatu: Travemünde

Treni kutoka Lübeck Hbf huchukua dakika 20 na kitu. Travemünde ina stesheni tatu. Usishuke ya kwanza, Skandinavienkai. Hapo ni gati la meli za magari, na utajikuta kati ya malori. Kaa hadi mwisho, Travemünde Strand.

Ukitoka, bahari iko mbele. Kodi *Strandkorb*, kiti cha watu wawili cha ukindu chenye paa, kwa siku au nusu siku. Kabla ya kukaa kigeuze mgongo kwenye upepo, siyo kwenye jua. Anayefuata jua hutetemeka akiwa na miwani. Vuta sehemu ya miguu iliyofichwa chini, kisha laza mgongo. Maji yatakushangaza mara mbili: ni baridi hata Agosti, na hayana chumvi nyingi. Na hakuna kupwa na kujaa kwa maana yetu, wala bamvua wala maji mafu. Ufukwe uliouona asubuhi ndio utakaouona jioni.

Mkate wa samaki, *Fischbrötchen*, ununue kwenye bandari ya wavuvi, na ule ukiegemea ukuta. Shakwe wa hapa huja kutoka nyuma, na huchukua samaki wakakuachia mkate.

Ukishiba tembea kandokando ya mto: mnara wa taa wa 1539, mkongwe kuliko yote Ujerumani, na ng'ambo, kwa kivuko cha Priwall, meli ya matanga ya milingoti minne Passat ya 1911. Wenye nguvu waende kwa miguu juu ya genge la Brodtener Ufer hadi Niendorf. Kaeni kwenye njia, msikae ukingoni wala chini yake, kwa sababu udongo humeguka, hasa baada ya mvua.

Kuondoka kupitia Ohlsdorf

Ukiwa na nusu siku kabla ya ndege, njia ya S1 inapita Ohlsdorf, na mbele ya stesheni ni makaburi ya hekta karibu 390, yaliyofunguliwa 1877. Humo amezikwa Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja, aliyezaliwa 1844, akaondoka na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, akaitwa Emily Ruete. Alifia Jena mwaka 1924, akarudishwa kuzikwa kando ya mumewe. Usijaribu kulitafuta kaburi kwa kubahatisha; eneo ni kubwa kiasi cha kuwa na mabasi ndani yake. Uliza ramani langoni, na tumia jina la Ruete, si Salme. Tenga saa mbili na nusu, na uje na mkoba tu wa mgongoni.

Kutoka Ohlsdorf hadi uwanja wa ndege ni kituo kimoja. Treni hukatwa vipande viwili hapahapa: mabehewa ya mbele huenda uwanjani, ya nyuma huenda Poppenbüttel. Tembea hadi mbele ya jukwaa, usome ubao *Flughafen*, ndipo upande.